Kupanda Siyo Kazi, Kazi Kubaki: Somo kwa Klabu Ndogo za Ligi Kuu

Mwaka 2017 Mbao FC ya Mwanza ilicheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Simba pale Jamhuri, Dodoma, ikafungwa 2-1 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Singida United, ikafungwa 3-2 na Mtibwa Sugar jijini Arusha. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ikafika fainali, ikafungwa 1-0 na Azam kule Lindi. Miaka mitatu mfululizo, timu tatu za mikoani zilikaribia kikombe mpaka zikakinusa.

Mwaka 2020 zote tatu zilishuka daraja. Msimu mmoja, kwa mpigo.

Sasa mtu wa kijiweni atakwambia, "Bahati mbaya hiyo, mpira unadunda." Sawa, unadunda. Lakini ukidunda upande uleule mara tatu, mwanafunzi wa chuo kikuu anatakiwa kuuliza maswali. Timu inayoweza kufika fainali inashindwaje kubaki kwenye ligi? Na kwa nini Namungo ya Ruangwa, iliyocheza fainali ya 2020 dhidi ya Simba kule Sumbawanga na kufungwa 2-1, haikufuata njia ileile?

Nasoma ualimu, kwa hiyo mnivumilie, nitaliandika hili kama somo. Mwisho wa somo msomaji aweze: (a) kueleza kwa nini klabu ndogo zinashuka, (b) kupiga hesabu ya pointi na ya fedha ambayo klabu ndogo inapaswa kuipiga kabla ya msimu kuanza, na (c) kutaja mambo ambayo sisi wenyewe tunaweza kufanya kwa klabu iliyo karibu na chuo chetu.

Mtihani wenyewe ukoje

Ligi Kuu Bara imebadilika sana ndani ya muda mfupi. Msimu wa 2019/20 ilikuwa na timu 20. Uliofuata zikawa 18, na kuanzia 2021/22 zimebaki 16. Kila timu inacheza mechi 30. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja. Ya 13 na ya 14 zinacheza mechi za mchujo zenyewe kwa zenyewe, na inayopoteza inakwenda kukutana na timu iliyotoka Championship.

Kwa lugha ya hapa chuoni, nafasi ya 15 na 16 ni kudisko. Nafasi ya 13 na 14 ni sapu. Na kila aliyewahi kukaa kwenye sapu anajua kwamba unaingia chumba cha mtihani ukiwa na presha ambayo wenzako hawana. Mbeya City waliingia kwenye sapu hiyo mwaka 2023, wakakutana na Mashujaa ya Kigoma, na Mashujaa wakapanda. Hii ni Mbeya City ileile ambayo msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, ilimaliza ya tatu, juu ya Simba.

Ligi ikipungua kutoka timu 20 hadi 16, nafasi ya kujificha inapungua pia. Zamani timu ingeweza kucheza ovyo hadi Januari halafu ikakuta kuna wenzake sita wabovu zaidi yake. Siku hizi ukizubaa mechi tano, uko mkiani.

Tujue kwanza nani anamiliki nini

Ukiziangalia klabu zetu ndogo utaona familia nne.

Kwanza, klabu za kampuni. Mtibwa Sugar na Kagera Sugar ni za viwanda vya sukari, Mwadui ilikuwa ya mgodi wa almasi. Pili, klabu za halmashauri: Mbeya City, KMC ya Kinondoni, Dodoma Jiji, Pamba Jiji. Tatu, klabu za majeshi: Tanzania Prisons, JKT Tanzania, Mashujaa. Nne, klabu za wanachama au za mtu mmoja mwenye mapenzi na mfuko: Coastal Union, Lipuli, Stand United na nyingine.

Kila familia ina ugonjwa wake. Klabu ya kampuni inaishi kwa hali ya kampuni. Biashara ikiyumba, au bosi mpya akiwa hapendi mpira, timu inakosa hewa. Klabu ya halmashauri inategemea bajeti inayopitishwa na madiwani, na diwani ana haki ya kuuliza kwa nini tunanunua mshambuliaji wakati zahanati haina dawa. Klabu ya jeshi ina nidhamu na mishahara ya wachezaji walioajiriwa, ndiyo maana Prisons wamekaa muda mrefu bila makelele, lakini nayo inafuata taratibu za taasisi. Klabu ya wanachama ina watu na ina historia, ila mara nyingi ina mgogoro.

Stand United ya Shinyanga ni mfano wa kusomesha. Ilianzishwa na watu wa stendi ya mabasi, wakaiita Chama la Wana. Ikapanda Ligi Kuu, ikapata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia. Fedha zilipoingia, mgogoro wa uongozi ukaingia nao: nani hasa mwenye timu? Udhamini ukaondoka. Mwaka 2019 timu ikashuka. Walioianzisha hawakuwa na fedha na timu ikapanda. Fedha zilikuja bila makubaliano ya nani anaamua nini, na timu ikaanza kuchanika.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kushuka haiko uwanjani. Ni kutokujua klabu ni ya nani, nani anasaini hundi, na akiondoka nini kinabaki. Lolote nitakalosema kuanzia hapa halifanyi kazi kama jibu la swali hili halijaandikwa kwenye karatasi.

Somo la kwanza: hesabu ya pointi

Tuchukue kalamu. Mechi 30. Toa mechi nane dhidi ya timu nne zenye fedha nyingi zaidi, nyumbani na ugenini. Tuseme zote umepoteza. Umebaki na mechi 22 dhidi ya watu wa saizi yako: 11 nyumbani, 11 ugenini.

Nyumbani: shinda 6, sare 3, poteza 2. Pointi 21.
Ugenini: shinda 2, sare 6, poteza 3. Pointi 12.
Jumla: 33.

Pointi 33 kwa mechi 30 ni zaidi kidogo ya pointi moja kwa mechi. Kwa ligi ya timu 16, kiwango hicho kwa kawaida kinakutoa kwenye kudisko na kukuweka jirani na usalama. Na umekipata bila kumfunga mkubwa hata mmoja. Ukipata sare mbili tu kwa wakubwa, ni nyongeza.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. La kwanza, ligi ya klabu ndogo siyo ile ya Simba na Yanga. Novemba 2022 Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kuvunja rekodi ya Yanga ya mechi 49 bila kupoteza. Nchi nzima ilizizima, na ilistahili. Lakini jedwali halina huruma: mechi ile ilitoa pointi tatu, sawa kabisa na tatu za kuifunga timu ya mkiani Jumatano jioni mbele ya watu mia mbili. Kuna viongozi wanatenga posho nono ya kumfunga mkubwa, halafu mechi ya mwenzao wa mkiani wanaicheza kwa maji ya kunywa. Posho kubwa ingekuwa kwenye mechi ya mkiani, maana pale unajiongezea tatu na kumnyima mshindani wako tatu.

La pili, sare ya ugenini ni mali. Mashabiki wetu wanaidharau, wanasema timu "imepaki basi". Lipakiwe tu. Timu imetoka Bukoba au Kigoma, imekaa kwenye basi zaidi ya kilomita 1,000, imelala gesti, inacheza kesho yake jua la saa kumi. Ikirudi na pointi moja, imefaulu somo hilo.

Somo la pili: nyumbani kuwe nyumbani kweli

Pointi 21 kati ya 33 zimetoka nyumbani. Sasa jiulize, klabu ndogo ngapi zina nyumbani?

Tuna tabia ya kuhamisha mechi. Wakubwa wakija, timu inahamia uwanja mkubwa wa mkoa mwingine ili ipate viingilio. Geita Gold walipopanda walikuwa wakizipeleka mechi za Simba na Yanga CCM Kirumba, Mwanza. Naelewa sababu: uwanja wa nyumbani ni mdogo, na mapato ya siku hiyo yanalipa madeni ya mwezi mzima. Kwa mechi ambazo kwenye hesabu yetu tumeshaziandika sifuri, biashara hiyo inaeleweka. Hatari inaanza pale uhamaji unapokuwa tabia, hadi mechi za watu wa saizi yako nazo zinachezwa kwenye mji ambao hakuna anayeijua timu. Pale umeuza zile 21.

Namungo wanacheza Ruangwa, Uwanja wa Majaliwa, mbali na kelele za Dar. Walipanda 2019, wakamaliza msimu wa kwanza katika nafasi ya nne, wakacheza fainali ya FA, na msimu wa 2020/21 wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mpaka leo wako Ligi Kuu. Ni kweli Ruangwa ni nyumbani kwa Kassim Majaliwa, aliyeteuliwa Waziri Mkuu mwaka 2015, na siyo kila wilaya ina bahati ya namna hiyo. Tusijidanganye kwamba Namungo ni muujiza wa uwanja peke yake. Lakini wageni wakifika Ruangwa wanajua wamefika kwa watu.

Na uwanja peke yake hautoshi. Gwambina ya Misungwi ilikuwa na uwanja wake mwenyewe, kitu ambacho klabu kongwe nyingi hazina. Ilipanda 2020, ikashuka 2021. Uwanja ni jengo. Nyumbani ni jengo, watu, na timu inayojua nyasi zake.

Somo la tatu: mshahara mdogo unaofika

Hapa ndo penye moyo wa somo, na sisi wa bumu tunapaelewa kuliko mtu yeyote. Bumu likitoka, wiki ya kwanza ni chipsi kuku. Wiki ya tano unamtafuta mwenzako mwenye unga. Klabu nyingi zinaishi hivyohivyo. Fedha za haki za televisheni na za mdhamini wa ligi zinaingia kwa mafungu, lakini mchezaji anakula kila siku.

Tangu 2021 ligi yetu ina mkataba wa miaka 10 na Azam Media wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kwa ukanda huu hiyo ni fedha ya maana. Lakini fedha ya uhakika ina mtego: inamfanya kiongozi ajione tajiri na kuanza kuahidi.

Tuchukue klabu mbili za kubuni, X na Y, kwa ajili ya hesabu tu. Zote zina uhakika wa shilingi milioni 50 kwa mwezi. Klabu X inajiwekea sheria kwamba mishahara haizidi asilimia 60, yaani milioni 30. Ina wachezaji 24 na benchi la ufundi la watu 6, kwa hiyo wastani ni milioni 1 kwa mtu. Milioni 20 zinazobaki ni za safari, kambi, matibabu, timu ya vijana na akiba. Klabu Y inaahidi mishahara ya milioni 55 kwa sababu mwenyekiti ana rafiki aliyesema "tutaona". Kwenye karatasi kikosi cha Y ni bora.

Ifikapo Februari, X imelipa kila mwezi. Y inadaiwa miezi mitatu. Beki wa Y anaumwa goti ambalo daktari halioni. Mazoezi yana watu 14. Kipa anadaiwa kodi na mama mwenye nyumba, na kesho anatakiwa kuruka kulia na kushoto kwa dakika 90. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo ndiye anayefuatwa na wale wanaonunua mechi. Tunapenda kuhubiri uadilifu kwa wachezaji. Uadilifu unaanza na mshahara wa tarehe 30.

Deni halikai kimya pia. Mchezaji au kocha wa kigeni asiyelipwa anakwenda FIFA, na FIFA wanafungia klabu kusajili. Agosti 2023 Kitayosce, ambayo baadaye iliitwa Tabora United, ilianza msimu Chamazi dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8 tu kwa sababu ya matatizo ya usajili. Ikawa inafungwa 4-0, wengine wakaumia, wakabaki chini ya saba, na mchezo ukavunjika. Timu ile ilipambana na mwisho wa msimu ikabaki kupitia mechi za mchujo, hongera kwao. Lakini hakuna kocha duniani mwenye mbinu ya watu wanane.

Mfano mwingine ni Biashara United ya Mara. Msimu wa 2021/22 waliiwakilisha nchi Kombe la Shirikisho Afrika, wakaifunga Al Ahly Tripoli 2-0 hapa nyumbani, halafu hawakuweza kusafiri kwenda Libya kwa mechi ya marudiano. Mwisho wa msimu huohuo wakashuka daraja. Mafanikio yana gharama, na klabu ambayo haijatenga fedha za kufaulu inaweza kuumizwa na kufaulu kwenyewe.

Somo la nne: kikosi kisizaliwe upya kila Julai

Kila dirisha la usajili utasikia klabu ndogo imeacha wachezaji 15 na kusajili 17. Mashabiki wanapiga vigelegele, picha za utambulisho zinapendeza. Kama mwalimu mtarajiwa, nikiambiwa nipokee darasa ambalo theluthi mbili ya wanafunzi ni wageni, wanaotoka shule 12 tofauti, na mtihani ni wiki ya pili, nitaomba uhamisho.

Klabu ndogo inahitaji uti wa mgongo: kipa, beki wa kati, kiungo mkabaji na mshambuliaji mmoja, wenye mikataba ya miaka miwili au mitatu, isiyoisha pamoja. Wengine wanaweza kuja na kwenda. Na mchezaji aliyeachwa na wakubwa asajiliwe kwa sababu ya miguu yake ya leo, siyo jina lake la mwaka juzi.

Geita Gold ni kielelezo cha pande zote mbili. Msimu wao wa kwanza, 2021/22, walimaliza wa nne, na mshambuliaji wao George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Msimu uliofuata Mpole akaenda zake Lupopo ya Congo, na mwaka 2024 Geita wakashuka. Sisemi walishuka kwa sababu ya mtu mmoja. Nasema mfungaji wa mabao 17 kwenye timu ndogo ataondoka tu, hiyo ni sheria ya maisha. Swali ni kama siku anafunga bao la kumi, kuna mtu ofisini ameshaanza kumwangalia kijana wa kumrithi.

Somo la tano: rejesta ni fedha

Hapa walimu wenzangu mkae mkao wa kula.

FIFA wana utaratibu wa fungu la mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Miaka minne ya mwanzo, 12 hadi 15, kila mmoja una asilimia 0.25 ya ada. Miaka minane ya 16 hadi 23, kila mmoja una asilimia 0.5.

Tupige hesabu. Kijana ameuzwa nje kwa shilingi bilioni 1. Asilimia 5 ni milioni 50. Klabu iliyokuwa naye akiwa na miaka 16, 17, 18 na 19 inastahili milioni 5 mara nne, yaani milioni 20. Akiuzwa tena baadaye kwa bilioni 4, klabu ileile inastahili milioni 80, bila kufanya kazi yoyote mpya. Kwa Klabu X yetu hiyo ni zaidi ya mishahara ya miezi miwili.

Sharti ni moja: uwe na ushahidi kwamba alisajiliwa kwako miaka hiyo. Wengi wa vijana wetu wanaonekana kwanza UMITASHUMTA na UMISSETA, halafu wanacheza mtaani, halafu ghafla wako Dar. Katikati hakuna karatasi. Jina shuleni ni moja, kwenye leseni ni lingine, tarehe ya kuzaliwa ina matoleo matatu. Klabu inayomwandikisha kijana wa miaka 14 rasmi, kwa jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, na kutunza kumbukumbu hiyo, imepanda mti. Kazi hii haihitaji tajiri. Inahitaji mtu mwenye tabia ya kuita mahudhurio kila asubuhi.

Pingamizi: kwa nini tusiuze nafasi tu?

Kuna njia nyingine ya kubaki, na imeshatumika. Ihefu ilikuwa timu ya Mbarali, Mbeya. Mwaka 2024 ikahamia Singida na kuwa Singida Black Stars. Ile iliyokuwa Singida Fountain Gate nayo ikawa Fountain Gate na kuhamia Babati, Manyara. Nafasi kwenye ligi haikupotea, fedha zikaongezeka, na Black Stars imekuwa timu ya kuogopwa.

Mtu wa biashara atasema: hapo pana tatizo gani? Mimi naona tupambanue kitu kilichobaki. Leseni imebaki. Wachezaji wengi wamepata mwajiri mwenye uwezo, na hilo ni jema, mchezaji naye ana familia. Lakini mtoto wa Ubaruku aliyekuwa anakwenda kwa miguu kuiona Yanga ikifungwa hana tena timu ya kwenda kuiona. Ikiwa lengo la klabu ni kubaki kwenye jedwali, imefaulu. Ikiwa lengo ni kijana wa Mbarali kuwa na mahali pa kuanzia, imeshuka daraja bila kufungwa.

Wapo waliochagua njia ngumu zaidi. Eibar ni mji wa Hispania wenye watu wapatao 27,000. Timu yao ilipopanda La Liga mwaka 2014 sheria iliwataka waongeze mtaji la sivyo wasishiriki. Hawakutafuta tajiri mmoja. Waliuza hisa ndogondogo kwa watu wa kawaida, hata wa nchi za mbali, wakafikisha kiasi, na wakakaa La Liga misimu saba hadi 2021. Sisi siyo Hispania, najua. Lakini michango tunaijua kuliko wao. Taifa linalochangia harusi kwa kamati, mweka hazina na vikao kila Jumapili haliwezi kusema halijui kuchangia timu. Tunachokosa ni mweka hazina anayesoma mapato na matumizi mbele ya watu.

Sisi tunaingiaje

Mwisho wa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar walishuka, pamoja na KenGold ya Chunya iliyokaa msimu mmoja tu. Kagera walikuwa wamekaa miaka mingi kiasi kwamba wengi wetu hatujui ligi bila Kaitaba. Mtibwa, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka 2024 na kurudi mwaka uliofuata pamoja na Mbeya City. Ukongwe haulindi. Hakuna aliyeandikiwa kubaki.

Timu ikishuka, siyo wachezaji 25 tu wanaoumia. Mama wa supu nje ya uwanja, wenye gesti, bodaboda, kijana wa kuuza jezi, mwandishi wa redio ya mkoa, wote wanapungukiwa. Na wengi wa wachezaji hao wana miaka 22, umri wetu, ila wao hawana cheti cha kurudia.

Vyuo vyetu viko Mwanza, Mbeya, Iringa, Dodoma, Morogoro, kwenye miji ileile yenye klabu hizi. Leseni ya klabu siku hizi inadai mambo matano: michezo, miundombinu, utawala, sheria na fedha. Hebu angalia kozi za hapa chuoni. Wa uhasibu wapo. Wa sheria wapo, wanaoweza kusoma mkataba kabla haujasainiwa. Wa kompyuta wapo, wa kutengeneza rejesta ya vijana. Sisi wa ualimu tupo, tutakaokuwa na hao watoto wa miaka 13 mikononi. Klabu inayoomba wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka haitatumia hata robo ya fedha ya kusajili mshambuliaji mmoja wa kubahatisha. Serikali ya wanafunzi nayo inaweza kuandika barua hiyo. Ni ukurasa mmoja.

Zoezi

1. Chagua klabu moja ya mkoa wako iliyo Ligi Kuu au Championship. Eleza nani anaimiliki na nini kitatokea akiondoka kesho.
2. Kwa kutumia mgawanyo wa mechi 8, 11 na 11, panga njia yako ya kufikia pointi 36. Eleza ni wapi umeongeza na kwa nini unaamini inawezekana.
3. Klabu ina uhakika wa milioni 40 kwa mwezi. Gawanya kati ya mishahara, safari, matibabu, vijana na akiba. Tetea kila fungu.
4. Jadili: "Ni bora timu ihame mkoa kuliko kushuka daraja." Wanaokubali wakae kulia, wanaopinga kushoto. Shabiki wa Simba na wa Yanga wasikae pamoja, tutachelewa kumaliza.